Siagi ya Mashine ya Nne

Siku Nyanzobe alipompelekea wifi yake tonge la kwanza, mji mzima wa Buyegu ulikuwa bado unamsifu, naye alikuwa bado anazipenda hizo sifa. Hakuna haja ya kumfichia. Mtu aliyetumia miaka sita akichora sahani za chuma, akazikata, akazitupa, akazichora upya, huku wenzake wakimuuliza kama ameolewa na mashine, ana haki ya kuvimba kichwa kidogo siku mashine inapokubali. Alivaa kitenge kipya, akaliweka tonge kwenye sinia la bati, akalifunika kwa kitambaa cheupe, akapita nalo katikati ya barabara saa ambayo foleni ya mgao ilikuwa ndefu, ili aonekane.

Maji ya Buyegu yalitoka kwenye matope. Mawingu yalipita juu ya mji kila msimu, mazito na meusi, yakiburutwa na vyombo vya angani kwenda kunyesha katika mikoa yenye mkataba, na watu walikuwa wamekwisha kuacha hata kuinua macho. Chini kulibaki mabwawa ya marudio, yale matope ambayo migodi ya dhahabu iliyaosha na kuyamwaga kwa miaka mingi kabla ya kufungwa. Ndani ya matope hayo mlikuwa na maji, yamebanwa na udongo. Kiwanda cha maji, ambacho wenyewe walikiita Kisima ingawa hakikuwa na shimo lolote, kiliyavuta matope na kuyatia kwenye mashine za kuzungusha. Bakuli likizunguka, kizito hukimbilia ukutani na maji hubaki katikati. Udongo ulioganda ukutani waliuita mkate. Maji yalikwenda kwa watu elfu arobaini, na mkate ulikwenda kwa wajawazito.

Kwa wajawazito, ndiyo. Wanawake wa pande zile hula udongo wanapokuwa na mimba, na aliyewahi kuipata ile hamu hahitaji kuelezwa. Zamani waliuchimba kwenye vichuguu. Vichuguu vilipogeuka vumbi, wakahamia kwenye mkate wa Kisima, na mji ukaufanya kuwa haki yao, kipande kila wiki. Tonge la kwanza huletwa na wifi, dada wa mume, kuonyesha kwamba ukoo umempokea mtoto. Anayeletewa halili peke yake. Hulimega, likapita kwa kila mjamzito wa mtaa, kwa sababu waliamini kwamba mtoto wa mama aliyekula peke yake atazaliwa mchoyo.

Leokadia alilipokea tonge kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, aliyeolewa kutoka Bonde la Chini ambako mto ulikuwa bado unatiririka. Mimba mbili zilikwisha kumharibikia. Ya tatu ilikuwa na miezi miwili, na mumewe, Luhende, kaka yake Nyanzobe, alikuwa mbali akichimba mitaro ya mabomba. Alimega kipande, akakitia mdomoni, akafumba macho.

"Wifi!" akasema. "Mbona huu hausagiki menoni? Unayeyuka!"

"Ndiyo kazi ya Namba Nne hiyo," Nyanzobe alisema, na hakujaribu kuzuia tabasamu.

Mashine tatu za zamani zilizunguka mara elfu nne kwa dakika, zikitetemeka na kupiga kelele, na maji yake yalitoka na rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Vumbi jembamba kabisa la udongo lilikuwa jepesi mno. Lilikimbia na maji. Nyanzobe alipanga ndani ya bakuli sahani mia mbili, moja ndani ya nyingine kama sufuria zilizopangwa kabatini, na kati ya sahani na sahani aliacha nafasi ya unene wa ukucha. Vumbi halikuwa tena na safari ndefu ya kufika kwenye chuma. Bakuli lenyewe lilielea kwenye sumaku bila kugusa kitu, likazunguka mara elfu kumi na nane, kimya. Maji yalitoka meupe. Namba Nne ikatosha mji mzima, na zile tatu zikazimwa. Na juu ya mkate, upande wa ndani, likaganda tabaka la mwisho, nene kama kidole, la kijivu chenye ubuluu kidogo, laini ajabu. Wanawake waliliita siagi. Baada ya wiki mbili hakuna aliyetaka tena ule mkate wa chini.

* * *

Miezi minne baadaye, asubuhi moja, Nyanzobe alipita kwa Leokadia kumjulia hali. Alimkuta anakoroga uji. Tumbo lilikwisha kutangulia, la miezi sita, na nyumba ilinukia tangawizi.

"Karibu, wifi yangu. Kaa. Usinitazame hivyo, najua nimekuwa kama pipa."

"Pipa zuri," Nyanzobe alisema.

Leokadia alicheka, akamimina uji kwenye kikombe. Kikombe kiligonga kisahani, tititi, kikaendelea kugonga mpaka Nyanzobe alipokipokea. Uji ulikuwa umemwagika nusu.

"Mkono umefanya nini?"

"Si mkono tu. Hata uzi siutii tena kwenye sindano. Nesi anasema ni damu chache." Leokadia aliketi, akafuta uji kwa upindo wa kanga. "Mimi kinachonisumbua ni mdomo. Kila kitu kina ladha ya kijiko. Ugali kijiko, maji kijiko. Siagi yako tu ndiyo inayonikata hamu. Juzi Holo wa jirani kanicheka, akasema nikizaa, mtoto atatoka na uma."

Nyanzobe hakucheka. Watu wa Buyegu walikuwa wanautambua huo mtetemo. Watoto wengi waliokunywa maji ya rangi ya chai walikua nao. Waliandika herufi zilizopinda, wakachelewa kusema, na wakubwa wao wakasema ni kiu, ni kizazi cha ukame. Tangu Namba Nne ianze kazi, watoto wadogo walikuwa wametulia mikono. Manesi wa kliniki walikwenda Kisima kumshukuru kwa keki na wimbo. Sasa mbele yake alikaa mwanamke aliyekulia kwenye mto, aliyefika Buyegu mwaka uliopita tu, na alikuwa anatetemeka kuliko mtoto yeyote wa mji.

Juu ya kabati palikuwa na kisahani chenye kipande cha siagi kilichomegwa. Nyanzobe alikitazama kwa muda. Kisha akasema anaomba kipande kidogo, amekitamani.

"Na wewe?" Leokadia alipiga makofi. "Wifi, una habari gani unanificha?"

* * *

Maabara ya Kisima ilikuwa chumba cha pembeni chenye dirisha moja. Nyanzobe aliagiza mkate mzima uliotoka kwenye bakuli asubuhi ile, akaukata kwa waya, tabaka kwa tabaka, tano kwa jumla, kila moja kwenye kikombe chake. Akaingiza vikombe kwenye kipimo, kimoja kimoja. La kwanza, lile la ukutani, halikuwa na kitu. La pili halikuwa na kitu. La tatu na la nne, kidogo. La tano, siagi, namba ilipanda, ikapita pale ambapo kipimo hugeuka chekundu, ikaendelea kupanda.

Zebaki. Wachimbaji wa zamani waliimwaga kwenye mchanga ili iinase dhahabu, na ilipokwisha kazi waliitupa pamoja na matope. Zebaki hupenda vumbi jembamba. Kadiri chembe ilivyo ndogo ndivyo inavyoishikilia. Mashine za zamani zililiacha vumbi hilo liende na maji, kidogo kidogo, kwenye kila kikombe cha mji. Namba Nne ililikamata lote, ikalikusanya mahali pamoja, ikalikandamiza na kulilainisha, tayari kwa kuliwa.

Alikipima kile kipande cha Leokadia. Kikawa vilevile.

Kila siku, mara kumi kwa siku, alikuwa ameyapima maji. Hakuwahi kuupima mkate hata mara moja. Hakuna aliyemzuia. Kazi yake ilikuwa maji, na mkate ulikuwa kile kinachobaki. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyowafundisha wengine. Alikaa kwenye kiti cha maabara na kuhesabu wajawazito waliokuwa kwenye daftari la mgao. Walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Alijiona mjinga, kisha akajiona mbaya zaidi ya mjinga, kwa sababu tonge la kwanza la Leokadia halikuletwa na daftari. Lilipelekwa na yeye mwenyewe, kwenye sinia, chini ya kitambaa cheupe.

* * *

Bwana Matungwa, mkuu wa Kisima, alizisoma namba hizo akiwa amesimama. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kubembeleza hata anapokaripia. Alipomaliza alifunga mlango.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe, mzee."

"Vizuri. Kaa, mwanangu."

Alifungua kabati, akatoa bamba la kumbukumbu, akaliweka mbele yake. Lilikuwa rekodi ya zebaki kwenye maji ya Buyegu, miaka kumi na moja. Mstari ulikuwa juu, sawasawa, mwaka baada ya mwaka, halafu ukaanguka ghafla hadi chini kabisa. Tarehe ya kuanguka ilikuwa ile ile ya kuwashwa kwa Namba Nne.

Nyanzobe aliutazama mstari ule mpaka macho yakauma. "Ulikuwa unajua."

"Nilijua maji yalikuwa mabaya. Sikuwa na mengine ya kuwapa." Matungwa aliketi. "Ulipoleta sahani zako na mstari ukashuka, nilikwenda nyumbani nikapiga magoti. Nikadhani Mungu amekwisha kunisamehe."

"Hukujiuliza imekwenda wapi?"

"Sikutaka kujiuliza," mzee akasema. "Na wewe je?"

Nyanzobe alilisukuma bamba, akalirudisha upande wa mzee.

"Kuanzia leo siagi haitoki," Matungwa aliendelea. "Nitatangaza kwamba inahitajika kuziba ukuta wa bwawa. Watanung'unika, lakini watakubali. Watoto watakaotungwa kesho watakuwa salama."

"Na waliokwisha kula? Baraza la Maji la Kanda lina dawa ya kuitoa zebaki mwilini. Ikianzwa kabla ya mwezi wa saba mtoto anapona. Ni sheria yao, tukituma taarifa wanaleta dawa siku hiyo hiyo."

"Na siku hiyo hiyo wanafunga vali. Hiyo nayo ni sheria yao. Kisima chochote chenye zebaki kinafungwa kutoka huko huko makao makuu, kwa kidole kimoja, wala hawatumi mtu kuja kuangalia. Maji yetu leo ni safi, lakini hawatauliza maji. Watauliza kiwanda." Alivua miwani. "Unajua mimi natoka wapi?"

Alijua. Kila mtu alijua. Alitoka Nyamtondo.

"Walifunga Kisima chetu saa tatu asubuhi. Walisema magari yatakuja kutuhamisha, na magari yalikuja, baada ya siku tisa. Sisi tulikuwa tumekwisha kuanza kutembea. Siku ya nne nilimzika binti yangu Agripina. Siku ya sita nikamzika mdogo wake, na sikuwa na nguvu ya kuchimba, nikamfunika kwa mawe. Theluthi ya mji ilibaki barabarani, Nyanzobe. Theluthi. Ukifanya hesabu hiyo kwa Buyegu unapata elfu kumi na tatu."

Nyanzobe alikuwa ameifanya tayari, njiani akitoka maabara. Upande mmoja mia mbili na kumi na wawili, upande mwingine elfu kumi na tatu. Kwenye karatasi hesabu hiyo ni nyepesi. Tatizo ni kwamba mmoja kati ya wale mia mbili alikuwa amemmiminia uji asubuhi, na mikono ikamshinda.

Matungwa alifungua saraka ya chini ya meza, akatoa kisanduku cheupe, kidogo kama pakiti ya majani ya chai.

"Hii ni akiba ya kiwanda. Ni ya fundi atakayeangukia bwawani. Vidonge sitini na tatu, vitatu kwa siku kwa siku ishirini na moja, bila kuruka. Inatosha mtu mmoja." Alikisukuma juu ya meza. "Mpe wifi yako. Amepoteza mbili, nimesikia. Sitakuuliza kitu, na wewe hutaniuliza."

Alitaka kukataa. Baadaye alijaribu kukumbuka ni maneno gani aliyokuwa ameyapanga ya kukataa, na hakukumbuka hata moja. Aliona mkono wake ukienda, ukakichukua kisanduku, ukakitia mfukoni mwa koti la kazi. Hakushukuru, na mzee hakungoja kushukuriwa.

* * *

"Vitamini," alimwambia Leokadia jioni ile. Alikuwa ameibandua karatasi ya kisanduku kwa maji ya moto na kuichana kabisa. "Za kuongeza damu. Zimetoka makao makuu. Unakunywa vitatu kila siku, na usiruke hata siku moja. Umenisikia?"

"Nimesikia, dokta."

"Leokadia, sitanii."

"Na mimi sitanii." Leokadia alimshika mkono kwa mkono wake unaotetemeka, akauweka juu ya tumbo. "Mguse. Leo anacheza kweli kweli. Kaka yako akirudi mtoto atakuwa anakimbia. Nimeamua, akiwa wa kike nampa jina lako, hata kama Luhende atanuna."

Nyanzobe aliuacha mkono pale kwa muda mfupi, kisha akaaga. Njiani alikutana na Holo, jirani wa Leokadia, mwenye mimba ya miezi mitano, amebeba dumu kiunoni. Holo alimsalimu na kumlalamikia habari za siagi kukatwa, kwamba ukuta wa bwawa umeanza lini kuwa mjamzito. Nyanzobe alisema atafuatilia. Aliona dumu likitikisika pale kiunoni kwa Holo, ingawa Holo alikuwa amesimama. Akaondoka haraka.

Siku tatu hakwenda. Alijiambia ni kazi nyingi. Alifungua Namba Nne, akaisafisha, akaifunga, akaifungua tena. Alichora sahani mpya ambazo zingeitenga siagi peke yake kwenye pipa la chuma, mbali na mkate, bila mkono wa mtu kugusa. Mchoro ulikuwa mzuri. Ungekuwa mzuri zaidi miezi minne iliyopita, na aliuchana.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, alishindwa kuvumilia, akaenda.

Leokadia alikuwa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba pamoja na Holo, wanachambua mchele. Mkono wake ulikuwa unatetemeka vilevile. Punje ziliruka nje ya ungo. Kisanduku kilikuwa dirishani, kimejazwa vifungo vya nguo.

"Dawa ziko wapi?" Nyanzobe aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Dawa gani?"

"Vitamini. Vidonge. Ulipaswa kuwa navyo kwa wiki tatu."

"Aa, hivyo." Leokadia alitabasamu. "Vimekwisha, wifi. Niliita wenzangu wote wa mtaa. Tuko ishirini na mmoja, na vilikuwa sitini na tatu, ikawa kila mmoja vitatu, wala hatukugombana. Yaani kama vilikuwa vimehesabiwa kwa ajili yetu."

"Vizuri sana hivyo," Holo alidakia. "Mimi nilipata usingizi."

Nyanzobe aliketi chini, kwenye vumbi, bila kutafuta mkeka. Leokadia aliinuka nusu, akidhani ameugua.

"Wifi? Una nini? Ningeletewa na wifi yangu nikala peke yangu, watu wangenionaje? Tonge si hugawanywa?"

Hapo ndipo aliposema. Hakusema vizuri. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akaeleza vumbi na sahani na zebaki, akaeleza ladha ya kijiko, akasema kisanduku kilikuwa cha mtu mmoja na kwamba vidonge vya siku moja havina maana kwa yeyote. Alieleza miaka kumi na moja ya maji ya rangi ya chai. Alieleza Baraza, dawa yao na vali zao. Alilia alipofika kwenye sinia la bati, na alichukia kulia mbele yao kwa sababu machozi yake hayakuwa na haki ya kutangulia ya kwao. Wanawake wengine walikuwa wamesogea, mmoja na mwingine, mpaka kivuli cha ukuta kikajaa matumbo.

Hakuna aliyepiga kelele. Nyanzobe alikuwa amengoja mawe, na mawe yangekuwa nafuu.

"Ungeniambia," Leokadia alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na kicheko hata chembe. "Ungeniambia ni dawa, na ni yangu peke yangu. Ningekunywa. Ningejificha chooni nikanywa, hawa wote wakiwa nje, na ningejichukia mpaka kufa. Lakini huyu angekuwa mzima. Wewe hukunipa hata nafasi ya kuwa mbaya, wifi."

Holo aliweka ungo chini. "Huko Baraza dawa ziko za wote? Wote mia mbili?"

"Ziko. Wakipata taarifa zinafika kabla ya jua kuzama. Zinaletwa kwa chombo cha angani."

"Na vali?"

"Vali zitafungwa kabla dawa hazijafika. Mara tu taarifa ikisomwa." Alionyesha bamba lake la kazi, dogo kama kiganja. "Ninayo hapa. Nilikwisha kuiandika jana. Sikuituma."

"Ukituma sasa, bomba la mtaa litafunguliwa saa sita?"

"Hapana."

Holo aliangalia jua, kama mtu anayepanga muda wa kuanika nguo. Alikuwa mtoto wa miaka minane alipofika Buyegu kwa miguu kutoka Nyamtondo, na hakuwahi kulisimulia jambo hilo kwa mtu.

"Basi tuma saa nane," akasema. "Mgao unaanza saa sita na unakoma saa nane. Tunahitaji yale masaa mawili, na dawa zikifika tunaanza kutembea, hatungojei magari. Adventina, nenda mtaa wa reli, waambie watoe kila chombo walicho nacho, hata mabeseni ya kuogea. Wewe nenda huko juu, kwa wazee, hao ndio watembeao polepole. Msianze kueleza sababu mpaka wajaze. Akiuliza mtu, mwambie Holo wa Nyamtondo ndiye aliyesema. Wa zamani wataelewa."

Wakaondoka, wazito, mikono mgongoni, kila mmoja upande wake. Bamba la Nyanzobe lilianza kulia. Ilikuwa ni Matungwa. Akaliacha lilie. Likanyamaza, likalia tena, na mara ya tatu lilipolia alihisi kwamba mzee alikwisha kuona madumu kutoka dirishani kwake na akajua maana yake.

Saa sita bomba lilifunguliwa. Maji yalitoka meupe, mazuri, maji aliyoyatafuta kwa miaka sita, na watu waliyakinga bila maneno kwa madumu, kwa sufuria, kwa ndoo za kuchotea mchanga, kwa chupa za dawa ya kikohozi. Mtoto mmoja aliyaweka kwenye kiatu cha mvua. Saa saba unusu habari ilikuwa imekwisha kuutangulia ujumbe, na mwanamume mmoja alimwendea Nyanzobe na kumtemea mate miguuni, mkewe akamvuta arudi kwenye foleni wasipoteze zamu.

Bomba lilipoanza kukohoa hewa, saa nane, alituma. Bamba lilitoa mlio mdogo wa kupokelewa. Haikuchukua dakika. Kutoka upande wa Kisima, ambako Namba Nne haikuwahi kusikika, ulisikika sasa mvumo wake ukishuka, ukashuka, kama mtu anayetoa pumzi aliyoizuia, kisha hapakuwa na sauti yoyote mjini isipokuwa ya vifuniko vikikazwa.

Leokadia hakuwa amemsemesha tangu saa tano. Alikuja sasa akijikongoja, amefunga tumbo kwa kanga mbili, na kila mkono umeshika dumu la lita tano. Aliyaweka yote mawili chini mbele ya Nyanzobe. Moja lilikuwa limejaa. Lingine lilikuwa tupu.

"Kwenye pipa langu kumebaki kidogo," akasema. "Nenda ujaze hilo. Na wewe utatembea."